Gereji ya Wasomaji: Beringi ya krenki imegoma kuingia

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba aliniachia Vespa PX 150, nami naifufua. Injini nimeifungua yote na nimenunua beringi mpya za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Ya upande wa klachi iligoma kuingia kwenye kesi (ganda la injini), kijana wa gereji ya jirani akaigonga kwa nyundo na kipande cha bomba mpaka ikakaa. Sasa nikiizungusha kwa kidole inakwaruza, na kuna mahali inakwama. Nifunge hivyo hivyo? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Usifunge. Beringi hiyo imekwisha kabla haijaonja moto wa injini. Itoe, wala usiiweke akiba.

Inayobana kwenye kesi ni ringi ya nje. Kwa dalili unazoeleza, bomba lilikaa kwenye ringi ya ndani, kwa hiyo kila pigo lilipitia kwenye gololi. Niliwahi kukata moja iliyogongwa namna hiyo. Kwenye njia ya gololi mlikuwa na vialama vinavyong'aa, kimoja kwa kila gololi, mfano wa alama za kucha kwenye sabuni. Injini ikizunguka, gololi zinapita juu ya vishimo hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Ndiyo mvumo unaousikia kwenye Vespa nyingi zilizotoka kufanyiwa "ovahoo", yaani kufunguliwa na kufungwa upya.

Ukinunua nyingine, tazama ubavuni kama pana C3. Maana yake ina nafasi ya ndani zaidi kidogo ya kawaida, kwani kesi ikiibana na moto ukipanda, nafasi hiyo hupungua.

Sasa kuiweka. Toa sili zote, osha nusu ya kesi kwa petroli, kisha kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Nasisitiza hili, maana inaingia kwenye oveni. Beringi ilale kwenye friza usiku mzima ndani ya mfuko wa plastiki. Pasha kesi nzima kwa nyuzi 110 hivi. Tone la maji likiigusa liruke likichemka. Usichome sehemu moja kwa gesi, kesi itapinda. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: tundu la milimita 62 likitoka nyuzi 30 hadi 110 hupanuka kama milimita 0.11. Ukiiweka beringi sawasawa bila kuinama upande, inadondoka yenyewe na utasikia "tok". Ikandamize kwa kipande cha mbao dakika chache mpaka joto lilingane, kisha rudisha klipu inayoizuia beringi.

Krenki nayo isigongwe. Imeunganishwa kwa kushindiliwa, na pigo moja la kichwani linaweza kuipindisha. Mimi huweka krenki kwenye friza, napasha ringi ya ndani ya beringi kwa nati kubwa ya chuma niliyoipasha moto, halafu naivuta krenki kwa kifaa chenye bolti mpaka ikae kabisa.

Hapo kwenye "kabisa" ndipo Vespa nyingi zinapofia. Kwenye PX, diski ya krenki ndiyo inayofungua na kufunga njia ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ikipita juu ya kiuso cha alumini ndani ya kesi kwa mwanya wa sehemu chache tu za mia za milimita. Beringi au krenki isipofika mwisho, diski inakula kiuso hicho. Kikichimbika hakizibi tena, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka.

Upande wa flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) ringi ya ndani ya beringi inakaa kwenye krenki yenyewe: ipashe kwenye oili ya moto, iteleze kwa koleo, usisite katikati.

Kabla ya lolote, pitisha ukucha kwenye kile kiuso cha alumini ndani ya kesi. Ukikwama kwenye mchirizo, nitumie picha kabla hujanunua spea nyingine.