Maswali ya wasomaji: Aliyetengwa naye hutenga?

Salaam wahariri. Mimi ni katibu wa kikundi cha WAVIU (watu wanaoishi na VVU). Tuko 22, tunakutana kila baada ya wiki mbili na tunaweka hisa. Tumempokea dada mwenye kifafa. Tangu aanguke kikaoni, viti vya kando yake vinabaki vitupu, na kikombe chake kimepakwa rangi ya kucha ili kisichanganyike na vingine. Sasa wanasema asikopeshwe. Hawa ni watu ambao makwao walitengewa sahani! Imekuwaje? (Katibu, Morogoro)

Wanaogopa, katibu, na hofu haiulizi mtu amepitia nini. Si kweli kwamba kila aliyeonja unyanyapaa humhurumia kila anayenyanyapaliwa. Wanasaikolojia wa Marekani, Maureen Craig na Jennifer Richeson, walichapisha mwaka 2012 kwamba Walatino waliokumbushwa ubaguzi dhidi yao walijisikia karibu zaidi na Wamarekani weusi. Lakini kundi jingine lilipokuwa limetengwa kwa sababu ya namna nyingine kabisa, kukumbushwa huko hakukuleta ukaribu. Wakati mwingine chuki ilizidi. Mtu husogea kwa anayemwona yumo naye katika mashua moja. Wenzako huenda wanaona VVU ni ugonjwa wa hospitali na kifafa ni mambo ya mapepo.

Anza na hofu. Mwalike mhudumu wa kliniki aseme wazi, maana wewe watakuona unamtetea rafiki: kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo na hakiambukizi, si kwa mate, povu wala mkojo. Kisha awafundishe la kufanya, kwa sababu mtu akiwa na la kufanya, woga humpungua. Angalia saa degedege linapoanza. Ondoa meza, chupa na jiko la karibu. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimkandamize na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Meno huvunjika, na ulimi haumezwi. Mtikisiko ukiisha, mlaze kwa ubavu, ukae naye hadi azinduke vizuri. Degedege likipita dakika 5, au likija la pili kabla hajazinduka, au ikiwa ni mjamzito au ameumia, mpelekeni hospitali.

Kikao kinachofuata ndipo mfanye zoezi. Muombe dada ruhusa kwanza, na achague mwenyewe kuwepo au kutokuwepo. Gawa kikundi mara mbili, watu 11 kila upande. Wakizidi hapo wengi hunyamaza. Kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, jambo moja alilotendewa miezi ya kwanza baada ya kupima. Asiyeandika amnong'oneze anayemwamini. Wewe uwe umeandaa karatasi nyingine 10 za mambo wanayotendewa watu wenye kifafa kwa jumla, si ya huyu dada: kutolewa shule, kuachwa na mume, kunyimwa kubeba mtoto, kuambiwa karogwa, kutengewa chombo. Changanya, soma moja moja, wakisie ni la mwenye VVU au la mwenye kifafa. Watakosea mara nyingi. Wakikosea usihubiri, soma tu inayofuata. Mkimaliza, chomeni karatasi zote mbele ya wote.

Zoezi hili huharibikia mahali pamoja: mashindano ya mateso. Mmoja atasema, “Mimi nilifukuzwa usiku na watoto, yeye kikombe tu!” Usibishane. Uliza, “Siku ile, nani alikusaidia, na alifanya nini?” Ervin Staub, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi akiwa mtoto Hungaria na baadaye akafanya kazi ya upatanisho Rwanda, ameandika kwamba mateso hugeuka wema zaidi pale mtu alipopata msaada, akapona kwa kiasi fulani, na akapewa nafasi ya kusaidia. Kwa hiyo andikeni majibu ubaoni, mchague mawili ya kumfanyia dada wiki hiyo hiyo. Kukaa naye kiti cha jirani kunatosha kuwa moja.

Mkopo upimwe kwa hisa, wadhamini na marejesho, kama kwa mwanachama mwingine yeyote. Na jambo la dawa: akitumia carbamazepine, phenobarbital au phenytoin pamoja na ARV zenye dolutegravir, dawa hizo za kifafa hushusha kiwango cha dolutegravir mwilini. Aonyeshe dawa zote CTC, yaani kliniki ya VVU, ili daktari arekebishe dozi au abadili. Asiache hata moja kwa uamuzi wake.

Mjomba aliacha pombe miaka mingi iliyopita. Mpwa wetu yuko kwenye methadone, tiba ya uraibu wa heroini, ameteleza mara mbili, na mjomba ndiye anayemtukana kuliko wote: “Mimi niliwezaje?” Si ndiye angeelewa zaidi? (Msomaji, Temeke)

Hapana, na hili limepimwa. Rachel Ruttan na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba waliowahi kupitia shida, kama kukosa kazi au kuonewa shuleni, walimhukumu vikali zaidi mtu anayeshindwa kuvumilia shida hiyo hiyo kuliko wasiowahi kuipitia. Aliyevuka husahau ukali wake, ila anakumbuka kwamba alivuka.

Msimwambie mjomba “jiweke nafasi yake”. Hilo ndilo analofanya tayari, na ndipo hukumu inapotoka. Mwombeni asimulie wiki ya kwanza bila pombe, kwa saa na kwa siku, na mara ngapi alirudi kilabuni kabla ya kuacha kabisa. Ajue pia kwamba methadone ni tiba, hutolewa Muhimbili tangu 2011, na mgonjwa huanza kwa kuinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kuteleza hakumaanishi tiba imekufa. Kijana arudi kliniki kesho yake. Akikosa siku kadhaa aseme ukweli, kwa sababu dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno kwake.

Nina ualbino, niko chuo. Kila mada ya ubaguzi ikija, mhadhiri hunitazama nieleze, hata ya wakimbizi. Wanadai mimi nina “moyo wa kuelewa”. Nakosea kukataa? (Mwanachuo, Mombasa)

Hukosei. Kuwaelewa wengine ni hiari yako. Kazi ya kumfundisha darasa ni ya anayelipwa mshahara. Mwone ofisini, si mbele ya wenzako, umwambie: “Mwalimu, nikiwa na la kusema nitanyoosha mkono.” Akiendelea, mpelekee mwakilishi wa darasa, tena kwa maandishi. Suala la wakimbizi wakaulizwe wakimbizi, nao kama wanataka.