Ukinunua Mashine ya Gemu, Anza na Kioo

Miaka michache iliyopita nilinunua mashine ya gemu iliyotumika, lile kabati la kusimama lenye stiki na vitufe, nikaiweka barazani dukani kwangu. Muuzaji alinishika kwa neno moja: "Ina gemu 60." Nikalipa. Leo mtu akiniuliza, namwambia hesabu ya gemu aiache mwisho.

Kioo cha mashine hizi za zamani ni cha chogo, na hufungwa wima au ulalo. Pac-Man ya 1980, Donkey Kong na Galaga za 1981, zote ni za kioo cha wima. Street Fighter II ya 1991, gemu ya ngumi na mateke, ni ya ulalo. Changu kilikuwa wima, na vijana wa mtaani kwetu walitaka ngumi. Walitazama mara moja, wakaenda zao.

Kitazame pia kikiwa kimezimwa. Picha ikikaa palepale miaka mingi huunguza kioo. Changu kinaonyesha vichochoro vya Pac-Man hata umeme ukikatika, na alama hiyo haifutiki.

Kisha fungua mlango wa nyuma. Mashine nyingi za baada ya 1985 zinafuata mpangilio wa Kijapani uitwao JAMMA, yaani plagi moja ya pini 56 inayobeba umeme, picha, sauti na stiki. Naupenda sana: bodi, yaani sakiti yenye gemu zenyewe, ikifa unachomoa, unachomeka nyingine. Ila kwa kawaida kila mchezaji anapata vitufe vitatu, na Street Fighter II inataka sita. Vile vya mateke hupitia waya wa pembeni, kwa hiyo bonyeza kimoja kimoja kabla hujatoa hela.

Kilichonitesa zaidi ni umeme. Gemu ilikuwa ikijizima na kuwaka upya katikati ya mchezo, na mtoto ameshatumbukiza sarafu yake. Nilikuwa tayari kununua bodi mpya. Fundi redio akapima: bodi inahitaji volti 5, inapata 4.6. Akazungusha skrubu ndogo kwenye pawa saplai, basi, ikatulia.

Kazi hiyo mwachie fundi. Kioo cha chogo hutunza maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Wewe mwombe muuzaji aiwashe saa nzima, ukae hapohapo ucheze. Yangu ilikuwa ikianza kusumbua baada ya dakika arobaini.