Jibu: Shemeji Mmeksiko anahamia Berlin, ajiandae vipi?

Mkuu, umeuliza shemeji yako ataanzia wapi. Aanze na majina. Wameksiko wana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na Wajerumani wengi wamezoea moja. Kwenye kila fomu ayaandike yote mawili kama yalivyo kwenye pasipoti, halafu ayabandike kwenye sanduku la barua. Kule posta hufuata jina, si namba ya chumba. Lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, hata ile yenye namba yake ya mlipakodi.

Namba hiyo nayo haitoki mpaka ajiandikishe makazi, ndani ya wiki 2 tangu ahamie. Mkataba wa pango hautoshi: inatakiwa fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Akigoma kuisaini, shemeji asichukue chumba hicho.

Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo chakula kinunuliwe Jumamosi. Chupa za plastiki asitupe. Nyingi zina amana ya senti 25 akizirudisha dukani.

Sasa tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi ya kwao Meksiko. Polenta, yaani unga wa mahindi wa Kiitaliano, haifai, wala sembe yetu. Mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza kwa chokaa, ndiyo maana donge hushikana. Bila hivyo linamomonyoka. Atafute unga uitwao masa harina, maduka ya vyakula vya Amerika ya Kilatini wanao. Vikombe 2 vya unga, kikombe 1 na nusu cha maji ya uvuguvugu, afunike dakika 20. Kingo zikipasuka anapokandamiza, maji hayajatosha: aongeze kijiko kimoja kimoja.