Hasara ya hisa ya 2023 imeingia vibaya kwenye programu ya kodi

Ndugu, umesema Jedwali D (Schedule D, ukurasa wa faida na hasara za mauzo ya mali kama hisa kwenye marejesho ya kodi ya Marekani) la 2023 lilikuwa na hasara ya dola 2,000 ya muda mfupi (mali uliyoishikilia mwaka mmoja au chini ya hapo) na 9,000 ya muda mrefu (zaidi ya mwaka), nawe ukajaza 11,000 zote kwenye marejesho ya 2024. Hapo ndipo kosa lilipo. Dola 3,000 zilishatumika kupunguza mapato yako ya 2023 (tazama mstari wa 21 wa Jedwali D la mwaka huo), kwa hiyo zinabaki 8,000.

Zote 8,000 ni za muda mrefu, maana hasara ya muda mfupi huliwa kwanza: 2,000 zikaisha, kisha 1,000 ikachotwa kwenye ile 9,000. Kwenye Jedwali D la 2024, mstari wa 6 (hasara ya muda mfupi iliyobebwa) uwe sifuri, wa 14 (ya muda mrefu) uwe 8,000. Programu nyingi hutaka uandike namba bila alama ya kutoa; ukiiweka, hasara inaweza kugeuka faida. Basi fungua Jedwali D lenyewe uhakikishe, usiamini muhtasari.

Kama mapato yako ya 2023 yalikuwa madogo mno, karatasi ya hesabu ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inaweza kukubakizia zaidi ya 8,000. Ijaze.

Kama 2024 umeshatuma, rekebisha kwa fomu 1040-X, ya kusahihisha marejesho. Kodi ya jimbo ina hesabu yake.