Mkono kufa ganzi usiku: usilaumu kibodi kabla hujapima damu

Dada uliyeuliza kuhusu vidole kufa ganzi usiku, umesema una miaka 43, kutwa unachapa kwenye kompyuta na una hakika kibodi ndiyo imekuumiza. Mimi ni fundi cherehani, na nililaumu mkasi vivyo hivyo. Kwa miezi minane nilikuwa naamka saa nane usiku mkono wa kulia umekufa, hauna hisia na papo hapo unawaka moto. Naukung'uta kando ya kitanda mpaka urudi, nalala, saa kumi naamka tena. Kilichonitisha hasa ni siku niliyoshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Uzi nauona, tundu naliona, lakini vidole havijui kama vimeushika au la.

Nilimeza dawa za maumivu na kupaka dawa ya kuchua, bure. Daktari aliyenisaidia aliniambia nikunje vifundo vya mikono, migongo ya viganja igusane, vidole vitazame chini, nikae hivyo dakika moja. Haikufika nusu dakika ganzi ikaja. Halafu akaniuliza maswali ambayo niliona hayahusu mkono kabisa. Unasikia baridi kuliko wenzako? Choo kigumu? Umenenepa bila kuongeza chakula? Unachoka tu? Yote yalikuwa ndiyo. Kipimo cha damu kikaonyesha tezi yangu ya thairoidi, ile ya shingoni, inafanya kazi chini ya kiwango.

Tezi na kidole vinakutana wapi? Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini na pembeni mifupa, juu utepe mgumu usiovutika. Humo zinapita kano 9 za kukunja vidole, pamoja na neva moja laini. Kitu chochote kikivimba humo ndani, inayobanwa ni neva. Tezi ikilegea, tishu hujaa majimaji, na pale kwenye kifundo hakuna pa kutanukia.

Kwa mjamzito ni majimaji hayo hayo, hasa miezi ya mwisho, na mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Baridi yabisi huvimbisha ngozi laini inayozunguka kano. Kisukari nakiogopa zaidi kwa sababu kinapiga pande mbili: kinakaza kano, na kinadhoofisha neva yenyewe, kwa hiyo mbano mdogo tu unaiumiza. Kama na nyayo zako zinakufa ganzi, pima sukari wiki hii, usingoje. Kuna pia unene, kuvunjika kifundo zamani, kusafishwa damu kwa mashine kwa miaka mingi, na kurithi njia nyembamba. Wanawake tunapata zaidi ya wanaume. Mzee, hasa mwanamume, akipata mikono yote miwili, amwombe daktari aangalie na moyo, maana kuna protini inayojikusanya mwilini ambayo huanza kuonekana mkononi miaka kadhaa kabla ya kuudhuru moyo.

Kazi nayo imo, sikatai. Mashine zinazotetema na kukamata kitu kwa nguvu saa nyingi vinaumiza kweli. Lakini kuhusu kuchapa peke yake ushahidi ni dhaifu, ndiyo maana nakuomba usiishie kwenye kibodi.

Mimi nilianzishiwa homoni ya kumeza kila asubuhi, na usiku navaa kifaa kinachonyoosha kifundo kisikunjike usingizini. Mwezi wa pili nikaanza kulala mpaka alfajiri. Wengine huchomwa sindano ya kupunguza uvimbe, wengine hufanyiwa upasuaji mdogo wa kukata ule utepe. Usiogope upasuaji kiasi cha kuchelewa. Ganzi ikiwa haiondoki hata mchana, au ile nyama iliyo chini ya kidole gumba ikianza kubonyea, neva inakufa, na iliyokufa haifufuki kirahisi.

Jambo moja la kumpelekea daktari. Neva hii inahudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho hakimo. Kikifa ganzi nacho, huenda shida iko kwenye kiwiko au shingo. Kwa hiyo leo usiku ukiamka, kabla hujaukung'uta mkono, kiguse kwanza hicho kidogo.