Komiki za sai-fai (hadithi za kubuni za kisayansi): kabla hujatoa hela uliza ziko juzuu ngapi

Msimu wa korosho mwaka juzi nilishika vihela kidogo, nikamwagiza jamaa wa vitabu vya mtumba Dar anitumie Akira, komiki ya Mjapani Katsuhiro Otomo. Mzigo ukaja na basi, naufungua hapo hapo stendi ya Mtwara kwa kiherehere, nakuta juzuu ya 1 na ya 4. Nampigia ananiambia "kaka si ulisema Akira mbili?"

Nikasema potelea mbali nitasoma hivyo hivyo, aisee nilikosea. Ya 1 ni madogo wa pikipiki wanakimbizana usiku ndani ya Neo-Tokyo, mji wa kubuni wa baadaye, ukishakaa kijiwe cha boda unawaelewa bila shida, ila nafungua ya 4 mji wenyewe haupo!! Magofu tu, watu wanagombania msosi, nani kafanya nini sijui. Kumbe kishindo chote kiko mwisho wa ya 3. Nilianza kuichungulia kwenye simu sikuona cha maana, maana jamaa anachora picha moja inatambaa kurasa mbili na kioo kinaikata katikati, nilivyokuja kuipata ya karatasi nikakaa nayo kibarazani majengo yanadondoka ukurasa baada ya ukurasa na maneno karibu hakuna, chai ikapoa.

Kwa hiyo uliza kwanza, ziko ngapi na imeisha au bado. Akira ziko 6, zaidi ya kurasa 2,000, kaanza 1982 kamaliza 1990, unajua unajipanga vipi. Saga ya Brian K. Vaughan na Fiona Staples ndo naipenda kuliko zote, wapenzi wawili wa pande zinazopigana vita wanakimbia na kichanga chao angani huko, lakini haijaisha. Juzuu ya 9 ilitoka 2018, inakuachia msiba halafu wenyewe wakaenda kupumzika mpaka Januari 2022. Kama huna roho ya kusubiri anza na iliyoisha.

Na Saga usiiache mezani jamani. Mpwa wangu wa darasa la tano kaikamata, "mjomba, huyu mbona kichwa chake tivii?" Tukacheka, kweli kuna mwana wa mfalme roboti kichwa televisheni, mi najua kurasa za mbele kuna mambo ya wakubwa nikamnyang'anya fasta nikasingizia chakula tayari. Saa tisa alasiri. Dada yangu mpaka leo ananiangalia vibaya.

Halafu sisi wa pwani, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, huku Shangani ya Mtwara masika moja tu ukungu umeshaingia.

Ile Akira ya 2 bado sina. Yule jamaa nilimwagiza tena ya 2 na ya 3, akaleta ya 3 na ya 4. Sasa ya 4 ninazo mbili, mwenye ya 2 awe Lindi awe Masasi tubadilishane, nauli ya mzigo juu yangu.