Dripu nyeupe ya mafuta: je, mgonjwa aliyewekewa amefunga?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa hapa Ujiji. Baba watoto utumbo ulijisokota, akapasuliwa na kukatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Sasa yuko hospitali ya rufaa Dar es Salaam na chakula anapewa kwa mshipa. Kuna dripu moja nyeupe pepepe kama maziwa, wanasema ni mafuta. Ramadhani imekaribia naye ameng'ang'ania kufunga. Anasema kwa kuwa hatii kitu mdomoni, saumu yake iko pale pale. Mdogo wake anasema ikifika alfajiri aifunge hiyo dripu, aifungulie magharibi. Na jirani kaniambia mafuta yale ni ya nguruwe. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mwenyezi Mungu ampe mzee shifaa ya haraka, nawe akupe subira.

Naanza na la jirani, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Dripu nyeupe inayotumika mahospitalini kwa kawaida ni mafuta ya soya yaliyovunjwavunjwa kuwa vitone vidogo mno ndani ya maji, yakashikiliwa na fosfolipidi (aina ya mafuta inayoshikana na maji) za kiini cha yai, na kutiwa gliserini ili ukolezi wake ulingane na wa damu. Zipo aina za baadaye zinazochanganya soya na mafuta ya zeituni, ya nazi na ya samaki. Shahamu ya nguruwe haimo. Weupe wake unatokana na vile vitone kutawanya mwanga, kama yalivyo maziwa. Sisi watu wa mawese tunaweza kuliona jambo hili nyumbani: tia kijiko cha mawese kwenye chupa ya maji, tikisa mpaka mkono uchoke, kisha weka chini. Muda si mrefu wekundu wote umepanda juu. Kazi ya kiini cha yai kwenye dripu ni kuyazuia mafuta yasijitenge namna hiyo. Hata hivyo usibaki na maneno yangu matupu: mwombe nesi akusomee orodha iliyoandikwa kwenye mfuko. Na kama mzee hudhurika na mayai au soya, daktari aambiwe leo, asisubiri kesho.

Kama jirani amelisikia neno nguruwe wodini, huenda limetoka kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo mara nyingine hutumika kuuweka wazi ule mpira ulioingizwa kwenye mshipa. Heparini nyingi hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe, hilo ni kweli na halifichwi. Muulizeni daktari kama maji ya chumvi yanatosha kusafishia mpira, aghalabu yanatosha. Akisema kwa hali ya mgonjwa huyu heparini inahitajika na hakuna badala yake, basi ni dharura, na aya ya 173 ya Suratul Baqara inamwondolea dhambi aliyelazimika bila ya kutamani wala kupita kiasi. Wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliruhusu insulini ya nguruwe kwa wagonjwa wa kisukari kwa msingi huo huo wa dharura.

Sasa tuje kwenye saumu yenyewe. Hapa maulamaa wametofautiana, na si vizuri nikufiche.

Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kinachofunguza ni kitu chenye umbo kuingia ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi: mdomo, pua na mfano wake. Imam Nawawi ametaja hasa habari ya mafuta: mtu akijipaka mafuta, yakanywewa na vinyweleo hata yakafika ndani, saumu yake haina neno. Kwa kupima hapo, wako wanaosema mshipa si tundu la asili, basi dripu haifunguzi hata ikiwa ni ya lishe. Dar al-Iftaa, ofisi ya fatwa ya Misri, imefutu hivyo, na Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar, alikuwa na kauli hiyo. Nao wana hoja nzito. Wanasema saumu haikufungamanishwa na kushiba, kwani punje moja ya ufuta ukiimeza kwa makusudi imekufunguza na haikukushibisha chochote. Kwa hiyo mzee hajazungumza ovyo. Ana maulamaa nyuma yake.

Upande wa pili kuna Sheikh Ibn Baz, aliyekuwa mufti wa Saudia, na wengi wengine, na kuna Baraza la Fiq'hi ya Kiislamu la kimataifa. Baraza hilo lilikutana Jeddah mwaka 1997 na katika azimio lake namba 93 likasema sindano za tiba, ziwe za ngozi, za msuli au za mshipa, hazifunguzi, isipokuwa maji ya lishe na sindano za lishe. Hii ndiyo kauli ninayoifuata, na nitakueleza sababu, maana iko ndani ya kile kilichomo kwenye mfuko wa mzee.

Mtu akila samaki aina ya mgebuka wa kukaanga, mafuta yake hayaingii kwenye damu tumboni. Hushuka mpaka utumbo mwembamba, nyongo ikayatawanya, vimeng'enya vya kongosho vikayakata. Kuta za utumbo huyapokea, huyaunga upya na kuyafunga katika vitone vinavyoitwa kailomikroni. Vitone hivyo hupita kwenye njia za limfu, hupanda kifuani, na kumiminwa kwenye mshipa mkubwa chini ya shingo, upande wa kushoto. Kutoka hapo husambazwa mwilini, na kwenye kuta za mishipa midogo kuna kimeng'enya kinachovikata tena ili moyo na misuli vichome, na kinachobaki kiwekwe akiba. Vitone vya dripu vimetengenezwa kwa ukubwa unaokaribia wa kailomikroni, na hukatwa na kimeng'enya kile kile. Tena mishipa mikubwa ambayo madaktari huchagua kuingiza mpira wa lishe iko maeneo hayo hayo ya chini ya shingo na kifuani. Yaani mafuta ya mgebuka na mafuta ya dripu yanakutana kituo kimoja. Ya dripu yameruka tu mdomo na utumbo.

Ndiyo maana naona kulinganisha dripu na mafuta ya kujipaka hakusimami. Hakuna aliyewahi kuishi kwa kujipaka mafuta. Kwa dripu watu wanaishi. Miaka ya 1960 daktari Stanley Dudrick na wenzake huko Pennsylvania, Marekani, walilea watoto wa mbwa kwa lishe ya mshipa peke yake, wakakua na kuongezeka uzito kama wenzao waliokula kwa mdomo. Karibu na wakati huo Arvid Wretlind wa Sweden alikuwa amefaulu kutengeneza haya mafuta ya soya na kiini cha yai, ilhali mafuta ya mbegu za pamba yaliyotumika Marekani yaliwaletea wagonjwa homa na madhara ya ini hadi yakaondolewa. (Karne ya 17 kuna Mwingereza, William Courten, aliyempiga mbwa mafuta ya zeituni kwenye mshipa bila kuyavunjavunja. Mbwa alikufa. Nayataja kwa sababu najua wapo watu wanaopenda kujaribu.) Nusu lita ya dripu ya mafuta ya asilimia 20 ina kilokalori 1000, takribani nusu ya anachohitaji mtu mzima kwa siku. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mwenyezi Mungu anamsifu mfungaji kuwa ameacha chakula chake na kinywaji chake kwa ajili Yake. Aliyepokea kilokalori 1000 mchana, chakula hajakiacha. Kimempata kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo kwangu mimi, siku ambayo dripu ya lishe inatembea mchana, hiyo si siku ya saumu, na wala hana dhambi. Wallahu aalam. Dripu ya sukari ya asilimia 5 nayo naihesabu hivyo, ijapokuwa lita yake nzima haifiki hata kilokalori 250. Maji ya chumvi machache ya kuyeyushia dawa hayafunguzi. Lita nzima ya maji aliyowekewa mtu aliyekaukiwa, tahadhari ni kuilipa siku hiyo. Na huyo naye ni mgonjwa, ruhusa anayo.

La shemeji yako wa kufunga dripu alfajiri, nalikataza kabisa. Mifuko hiyo hupangiwa kasi. Mafuta yakikimbizwa ili yamalizike kabla ya adhana, damu hushindwa kuyasafisha, na mgonjwa anaweza kupata homa na kubanwa na pumzi. Ile ya sukari ikikatwa ghafla, sukari ya damu inaweza kuporomoka. Ni kweli wagonjwa waliotulia, wanaoishi kwa lishe ya mshipa muda mrefu, madaktari huweza kuwapangia wapokee usiku tu, kwa saa 10 hadi 14. Lakini huo ni mpango wa daktari, wenye vipimo vya damu nyuma yake. Na hata ukipangwa, bado sijamruhusu kufunga: aliyebakiwa na utumbo mfupi hupoteza maji mengi kwa kuharisha, na mara nyingi huambiwa anywe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo mchana kutwa. Huyo ukimwambia asinywe mpaka magharibi, figo zake zitakulalamikia. Qur'ani imesema "wala msijiue", na mgonjwa katajwa kwa jina lake kwenye aya ya saumu, 2:185, pamoja na kauli kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Mwambie asione haya. Aliyeifaradhisha saumu ndiye aliyempa yeye ruhusa.

Muulize daktari swali moja: utumbo uliobaki unatarajiwa kuzoea? Kwa wengi huzoea kadiri miezi inavyopita, na dripu hupunguzwa. Ikiwa kuna matarajio hayo, mzee hana fidia ya kulisha maskini. Ataandika siku zake na kuzilipa akipata nguvu, hata kama ni baada ya Ramadhani nyingine kuingia, maana udhuru ulikuwa umeendelea. Ikiwa madaktari wamekata tamaa ya yeye kuweza kufunga tena maishani, basi kila siku atolewe kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji, mchele au unga, apewe maskini. Vibaba hivyo si lazima vitolewe Dar es Salaam aliko. Wewe unaweza kumtolea hapa Ujiji, mradi amekuwakilisha kwa maneno yake, na uvitoe siku baada ya siku au vyote pamoja mwezi ukiisha.